Dima Hahesabu Kilicho Hai

Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Alhamisi, na Dima alijua fika kwamba kazi yake iko mashakani. Si kwamba alishindwa kuongoza wageni kwa miguu kwenye msitu wa bonde la Ewaso. Humo ndimo alimolisha ng'ombe tangu utotoni hadi ukame ulipowamaliza. Shida ilikuwa fomu. Kila jioni alitakiwa kuandika idadi ya wanyama walioonekana, na kila jioni aliacha nafasi hiyo tupu. Alikolelewa, mtu hahesabu chenye uhai. Kuhesabu ni kuita hasara. Hata ukimuuliza ana watoto wangapi, atakutajia majina. Ukitaka jumla, shauri yako.

Basi Alhamisi yenyewe Kinya, msimamizi wa kambi, aliingia naye msituni.

"Mzee Dima, leo ni leo," alisema. "Bila namba mimi siwezi kukutetea."

"Sawa, madam. Lakini twende polepole."

Walipita chini ya mikoma hadi mtoni, ambako kundi la kuro, wale swala wakubwa wapendao maji, lilikuwa likinywa. Kinya alihesabu kwa kidole, Dima akageuza uso.

"Kumi na moja, kama nilivyowahesabu jana nikipita. Si unaona vile ni rahisi?"

"Jike mwenye kovu mgongoni hayuko," Dima alisema. "Yule wa mwisho ni mgeni. Hajui hata mahali pa kunywa."

Kinya alimkodolea macho. "Ameliwa?"

Dima alikuwa keshainama. Nyayo za kwato zilijitenga na kundi, zikaelekea vichakani. Alizifuata kwa uangalifu, maana akikosea, anarudi kwao Kiwanjani bila kazi. Mara akasimama, akampa Kinya darubini.

Jike mwenye kovu alikuwa akimlamba ndama ambaye hata hajakauka. Ndama alijaribu miguu, akaanguka, akainuka tena.

Walichuchumaa hapo mpaka ndama aliponyonya. Dima alilengwalengwa na machozi ya furaha, kama siku ng'ombe wake mwenyewe alipozaa, wala hakuona haya.

Kinya akatoa fomu. "Kazi ni yako, mzee. Namba nitajaza mimi, wewe utaniambia nani hayuko. Kwa hivyo leo wamekuwa kumi na..."

"Madam!" Dima alinong'ona, akimwonyesha ndama.

Kinya akaziba mdomo kwa kiganja, akaandika kimyakimya.