Ukuta wa Papa Lazare

Jumamosi asubuhi, Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia. Gloriose Nibigira anagonga ukuta kwa kidole, kisha anautegea sikio kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa. Mwenye nyumba, Papa Lazare, amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Mama Iteka, unaupigia hodi? Hakuna mtu ndani," anamtania, akimwita kwa jina la mwanawe. "Bomoa tu."

"Sibomoi, Papa. Leo nimekuja kwa mapazia."

Papa Lazare anataka jiko na sebule viwe chumba kimoja kabla wakwe hawajaleta mahari ya binti yake. Lakini kwa kazi kubwa kama hiyo jimbo la New South Wales hudai leseni, na leseni ina masomo na ada. Gloriose hana.

Yeye ni fundi wa nyumba za kupanga. Kwao Mount Druitt wapangaji wengi hawathubutu kupigilia msumari, kwa hiyo amejifunza kupamba bila kutoboa: vitenge vilivyowambwa kwenye fremu na kuegemezwa ukutani, mapazia kwenye fimbo zinazojibana zenyewe kati ya kuta mbili.

"Siku ukihama, unakunja sebule yako unaondoka nayo," anasema. "Sisi watoto wa kambi za wakimbizi tunajua kuhama."

Katikati ya wiki anahudumia wazee kwenye makao yao. Ada na masomo, kwa makadirio yake, vingemeza mshahara wa miezi miwili.

Akina mama wa kanisani waliposikia, walifanya kama wafanyavyo kwenye harusi na misiba: wakatangaza mchango. Rafiki yake, Concilie, akapitisha kapu. Gloriose akalirudisha kama lilivyokuja.

Maneno yakazuka kwamba anajivuna.

"Leseni ya mchango ni ya wote," anaeleza polepole, macho yakiwa kwenye pindo la pazia. "Kila aliyetia mkono kapuni atataka jiko lake bure. Nitamkatalia kwa uso gani? Msiba ukishazikwa, mchango umekwisha. Leseni inalipiwa tena na tena."

Concilie hajaridhika. "Miaka yote anakula ugali wangu bila kuuliza bei," anasema. "Leo pesa yangu ndiyo ina miiba?" Tangu siku ile amehamia benchi jingine kanisani.

Hilo ndilo linalomuuma Gloriose kuliko kuikosa kazi ya ukuta. Wakwe hawangoji, na Papa Lazare amekwisha kumpa mjenzi mwenye leseni ule ukuta.

"Nimemwomba yule mjenzi nimbebee vifusi wikendi," Gloriose anasema. "Yeye alipwe, mimi nijifunze. Ada nitaiweka kidogo kidogo kutoka kwenye shifti za usiku."

"Na siku leseni itakapotoka?" Papa Lazare anauliza.

"Wa kwanza kumtajia bei ni Concilie. Bei kamili, sitampunguzia hata senti. Akilipa, nitajua amenisamehe."