Vitambaa Viwili Kwenye Kila Mti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Jumamosi ndiyo kwanza linagusa nyasi kavu za milima iliyo nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Likasi. Wivine Kabange anapanda mbio, mfuko wa nguo umefungwa kiunoni. Kila baada ya mwendo mfupi anasimama, anachomoa vipande viwili vya kitenge, anavifunga kwenye tawi, kimoja juu ya kingine, kisha anaendelea.

Anakimbilia upande wa kushoto wa njia. Upande wa kulia anauacha wazi, kana kwamba yuko mtu anayekwenda naye bega kwa bega.

Chini yake wanafuata wakimbiaji wapatao ishirini, vijana kwa watu wazima, ambao kila Jumamosi huzunguka milima hii kwa miguu. Mzunguko wao una urefu wa kilomita kumi na sita. Unapanda migongo mitatu ya milima, unateremka kwenye mawe yanayokatika chini ya kiatu, na kurudi ulikoanzia. Wageni wengi huishia mgongo wa pili.

Hata hivyo, si mwinuko unaoogopwa zaidi. Pembeni mwa njia kuna mashimo ya zamani ya wachimbaji wa shaba, na mvua zikinyesha nyasi huyafunika yasionekane. Ndiyo sababu ya vitambaa: penye kitambaa pana njia, na pasipo kitambaa mtu asikanyage.

“Kabange!” anaita Guelor, kiongozi wa kundi, akihema. “Unafungaka mbili mbili. Unazani kila muntu hapa iko na kichwa mbili?”

“Moja ni ya kwangu, ingine ya Kyungu,” anajibu bila kugeuka. “Ya kwako utafunga weye mwenyewe, kama uvivu itakuacha.”

Wenzake wanacheka. Yeye pia anacheka, kidogo.

Wivine, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, ni mshonaji wa nguo katika mtaa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi. Wiki nzima huinamia cherehani kwenye kibaraza cha nyumba ya mama yake, na vitambaa vya mlimani ni mabaki ya nguo za wateja. Jumamosi hafungui kazi, hata msimu wa harusi, ingawa wateja hulalamika na wengine huhamia kwa fundi wa jirani.

Familia yake ilitoka kaskazini mwa Katanga enzi za babu, aliyekuja kufanya kazi ya reli. Kwao, pacha anayezaliwa kwanza huitwa Kyungu, wa pili huitwa Kabange. Anachopewa mmoja lazima apewe na mwingine. Na penye njia nyembamba, Kyungu ndiye anayetangulia.

“Lydie alinipita dakika kumi tu,” anasema Wivine juu ya pacha wake, Kyungu wa nyumba yao, “lakini alikuwa ananitawala sawa vile ni miaka kumi. Ku barabara kubwa tunakimbia pamoja. Njia ikikuwa ndogo, ananisukuma nyuma: ‘Kabange, ngoja mukubwa apite!’”

Aprili ya mwaka jana, nyasi zikiwa zimefika kifuani, mapacha hao walipita mgongo wa tatu, mahali njia inapobana hadi kutosha mtu mmoja. Lydie alikuwa mbele. Aligeuza kichwa amtanie mdogo wake kwamba anatembea kama bibi harusi.

“Niliona mugongo yake,” anasema Wivine. “Halafu nikaona majani.”

Wachimbaji waliokuwa karibu walikuja na kamba, wakamtoa Lydie shimoni. Hakukuwa na la kufanya hospitalini.

Nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kulia. Katika familia hiyo pacha haliliwi, wala haisemwi kwamba amefariki. Husemwa ameenda kutafuta chumvi, kwa hofu kwamba kilio kitamwita na yule aliyebaki. Majirani waliimba nyimbo za mapasa, yaani nyimbo za mapacha, wakacheza uani hadi vumbi likapanda. Wivine alicheza pamoja nao. Tangu siku hiyo hajalia mbele ya mtu.

Badala yake alianza kukata vitambaa. Mwezi Mei mwaka huu mgeni mmoja kundini, Aristote, alifungua kimoja katika kila jozi, akidhani anamsaidia kutunza akiba. Wivine hakumgombeza. Alipanda tena peke yake, akavifunga vyote upya hadi mgongo wa tatu. Aristote alipoelezwa aliona haya mno, na siku hizi ndiye anayezunguka kwa mafundi wa Kamalondo kumkusanyia mabaki.

Kundi linafika mgongo wa tatu. Mbele, njia inabana. Wivine anasimama na kuufungua mfuko kiunoni. Hapa hakuna anayetania.

“Leo?” Guelor anauliza kwa upole.

“Bado.”

Guelor anapokea mfuko, anatangulia, anafunga vitambaa viwili viwili kama alivyofundishwa. Wengine wanapita mmojammoja. Wivine anawatazama hadi mkimbiaji wa mwisho anapopotea, kisha anageuka na kuteremka, bado upande wa kushoto.

“Si shimo njo ninaogopa,” anasema njiani. “Pale inabidi muntu mumoja atangulie. Miye sijatangulia hata siku moja. Nitatangulia namna gani?”

Nyumbani Kamalondo, mama yake, aitwaye Mimi Mujinga, anasonga bukari, ugali wa huko. Mezani kuna sahani mbili za mapacha.

“Ulifika pale?” mama anauliza.

“Sikufika, mama.”

Wivine anakaa kando ya cherehani. Anaeleza mpango wake: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kabla mvua hazijarudisha nyasi, anataka kumaliza mzunguko wote. Hata kwa kutembea. Anashusha sauti. “Na nikifika pale, nitalia. Ku mulima hakuna mama.”

Mama amesikia. Mwiko unasimama ndani ya sufuria. Anafuta mikono, anaingia chumbani, anatoka na kikwembe, kitenge alichovaa siku ile ya nyimbo. Anachukua mkasi wa binti yake na kukata vipande viwili vilivyo sawa.

“Hizi utafunga pale. Mbili, uko nasikia? Na hautatangulia. Kyungu alishafungua njia. Weye unapita mu njia yake, halafu unarudia nyumba. Unarudia kwangu.”

“Ndiyo, mama.”

Mama Mimi anarudi jikoni, anaushika mwiko, anawapa mgongo wote waliopo.

“Na kule juu,” anasema, “mwezi wa munane vumbi iko mingi. Inaingiaka mu macho. Hakuna muntu atakuuliza.”