Jina la Babu, Karantina

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na tangu siku hiyo ni kana kwamba ndiye babu mwenyewe. Baba yangu mzazi huniita "baba". Shangazi zangu walinisalimu kwa heshima kabla sijaota meno. Nilipofika chuo kikuu niliyacheka hayo yote.

Babu nilimjua kwa picha tu, amevaa joho la mahakamani. Jamaa zake walikuwa mahomugadi, waliosimama na Mzungu wakati majirani wako msituni au kizuizini. Serikali ya mkoloni ikamsomesha sheria, akawa wakili, kisha afisa wa ardhi. Nyumbani walisema aliwasemea wanyonge. Niliuliza kama kuna mnyonge hata mmoja aliyeshinda. Nikaambiwa ninyamaze, nile.

Sasa mimi ni mkalimani katika ofisi moja Al-Murabba, Riyadh. Wakenya wa Jeddah waliniomba nishuke nikamsemee dada mmoja aliyetoroka kwa mwajiri wake na kujificha Karantina, mtaa wa wahamiaji maskini mjini humo. Huyo mwajiri, kafili wake, alikuwa ameshika pasipoti yake. Mamake dada alikuwa mahututi nyumbani. Alichotaka ni ruhusa ya kuondoka tu, amkute akiwa hai.

Nilimkuta amekalia begi lake. Aliposikia lugha ya kwetu akacheka.

"Umetumwa na Mungu, bro! Kiarabu changu ni cha kufagia tu. We ni wa wapi? Wa nani?"

Nikamtajia kijiji, na jina langu lote, bila kufikiri. Akasimama.

"Kumbe ni wewe."

"Dada, mimi nimezaliwa juzi."

"Si babako anakuita baba? Shosho, nyanya yangu, alipokuwa kizuizini ulimwambia, tulia mama, shamba lako nitalisemea mimi. Alipotoka akakuta limegawanywa. Na mgawaji ni wewe."

"Huyo ni babu. Alishakufa."

"Jina halifi. Mimi hutanisemea."

Siku ya shauri, katika ofisi ya kazi, nilikwenda hivyo hivyo. Afisa alipouliza nani anamtafsiria, nikainuka. Dada akaninyooshea kidole: "Huyu mafi! Mafi!" Kwa Kiarabu chake cha kufagia, hapana: hanitaki. Nikaamriwa kukaa.

Kafili akaeleza kwa upole kwamba ulikuwa ugomvi mdogo wa nyumbani, umekwisha, na binti yuko radhi kurudi kazini. Afisa akamgeukia dada: ni kweli? Kwa madam wake, mke wa kafili, alikuwa amezoea jibu moja tu, aiwa, ndiyo. Nililiona linamjia mdomoni.

Nikapaza sauti kwa lugha yetu: "Anauliza kama unarudi kwake! Kataa!"

Aligeuka, akanitazama kama mtu anayeutambua mtego wa zamani. Kisha akamwambia afisa, kwa sauti ya kujaza chumba:

"Aiwa."

"Halas," afisa akasema, yamekwisha.

Kafili akambebea begi. Yalla, twende. Dada alinipita akiwa ameinua kichwa, kama mtu ambaye safari hii ameokoa shamba.