Je, Mtu Ataogelea?

Mimi gemu sichezi. Naanza na hilo mapema ili mtu asije akaniuliza swali la kitaalamu nikaaibika bure. Lakini kwa muda mrefu niliishi nyumba moja na mtu aliyekuwa anaisubiri gemu, hapa hapa Bariadi, na ukiishi na mtu anayesubiri, utasubiri naye, utake usitake.

Mtu mwenyewe ni kaka yangu. Ana selimundu. Huku kwetu Kanda ya Ziwa huo si ugonjwa wa kueleza sana, koo nyingi zina mtoto wake. Akiloa mvua, maumivu. Akikimbia, maumivu. Akiingia maji ya baridi ndiyo kabisa, tutafute usafiri wa kwenda hospitali. Mama alimlea kwa kupiga kelele: rudi ndani, vaa sweta, usikimbie, kunywa maji. Leo ni mtu mzima mwenye ndevu, fundi simu, kibanda chake kiko mbele ya nyumba, na mama bado anamfuata huko na sweta mkononi mbele ya wateja. Wateja wameshazoea.

Ndiyo maana, nadhani, alizipenda zile gemu ambazo mtu hapangiwi njia. Unawekwa kwenye nchi kubwa, una miguu miwili na farasi, basi, nenda utakako. Mlima unaouona kule mbali unaweza kuufikia na kuupanda. Alikuwa na gemu ya zamani ya namna hiyo, ameizunguka mpaka naamini anaijua kuliko anavyoijua Maswa, na Maswa ni hapo tu. Ila ilikuwa na kasoro moja. Ukiingia mtoni maji yakafika magotini, yule mtu wako anageuka mwenyewe na kurudi nchi kavu. Ng'ambo unaiona, hufiki. Kaka alikuwa akijaribu kila mto, na kila mto ulimrudisha.

Watengenezaji wale wale walipotangaza gemu mpya, mjini palichangamka, maana wapenzi wa gemu tunao, msidhani tuna pamba tu. Wakaanzisha grupu kwenye simu, la mkoa mzima: wa Bariadi, wa Maswa, mmoja mkulima wa Lingeka ambaye msimu wa kuvuna alikuwa akipotea kabisa, halafu anarudi na maswali yote kwa mpigo. Kaka wakamfanya mkuu wa grupu. Wengine waliulizana kuhusu silaha na farasi, na kama mashine zetu hizi za mitumba zitaibeba au zitaungua. Kaka aliuliza swali moja tu. Je, mtu ataogelea?

Hakuna aliyekuwa na jibu. Walichokuwa nacho ni trela, dakika chache za picha, na humo ndani kuna mahali kundi la ng'ombe linakunywa ziwani. Jamani, lile kundi! Wasukuma walipoona ng'ombe, mazungumzo mengine yote yakafa. Ng'ombe hawa ni wa nani? Mtu ataruhusiwa kuwa na wangapi? Mbona huyu dume nundu imelala, hawalishwi? Walisimamisha picha, wakaikuza, wakapeleka mbele na kurudisha nyuma. Ndipo mfugaji mmoja wa Shishiyu akaona kwamba dume mmoja ameingia maji mpaka tumboni. Akaandika kwa uhakika wote: ng'ombe haingii kina hicho mpaka mchungaji ametangulia, kwa hiyo mtu anaingia, kwa hiyo ataogelea. Grupu zima likashangilia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu waliochora yule dume wako ughaibuni huko, hata fimbo ya kuchungia hawajawahi kuishika, na nyie mnawasoma kama mnasoma ng'ombe wa mnadani! Kaka hakucheka. Ile picha aliiweka kwenye uso wa simu yake.

Kisha ikaahirishwa. Wakasema wanaomba radhi, wanaiboresha. Wahenga walisema subira yavuta heri, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo, chagua mwenyewe. Ikaahirishwa tena, na mara hii tangazo lilimkuta kaka wodini, dripu mkononi. Akasoma, akanirudishia simu. "Hawa watu wanadhani wote tuna muda," akasema. Siku hiyo sikucheka. Niliwachukia watu nisiowajua, kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha.

Sasa nimlete rafiki yake. Walisoma sekondari darasa moja. Kwao ni Lamadi, familia ya samaki, na yeye ndiye huleta samaki Bariadi kwa pikipiki na kupita kwetu kila anapokuja. Zamani kaka alikuwa akienda kwao likizo. Rafiki anaruka ziwani, kaka anakaa mchangani kulinda nguo. Rafiki hakuwahi kumwambia pole wala "wewe subiri hapo." Akitoka majini anamrushia matope, wanatukanana, wanaondoka. Kaka alikuwa akirudi kutoka Lamadi na afya njema kila mara, jambo lililomshangaza mama.

Tarehe ya gemu kutoka ilipokaribia, watu wakaanza kuvujisha siri zake. Mmoja alimwaga kwenye grupu nani anakufa mwishoni, ukazuka ugomvi na laana. Kaka akatangaza sheria, na hakuitafuta mbali. Usukumani mtu akiwaudhi wenzake hutengwa. Hasalimiwi, haazimwi moto, msibani kwake hawaendi, na atakayemsalimia naye yumo. Anajirudisha kwa kutoa mnyama, anachinjwa, watu wanakula, yameisha. Sheria ya grupu ikawa hiyo hiyo: atakayevujisha anatengwa mpaka atoe mbuzi. Rafiki yake ndiye alikuwa wa kwanza kuunga mkono, tena akaongeza, "Na mbuzi awe dume, msije mkatuletea kibuzi."

Haukupita muda, asubuhi moja, huyo huyo akaandika: "Nimeona video iliyovuja. Hakuna kuogelea. Ukifika magotini unarudishwa kama zamani. Tusahau."

Nilikuwa nimesimama kibandani, nimempelekea kaka chai. Akasoma, akaifunika simu juu ya meza, akaendelea kuchomelea simu ya mteja. Chai ikapoa. Huko kwenye grupu walikuwa wanapiga kelele atengwe, atengwe, na mkuu hakutia neno la kumtetea. Akatengwa.

Nilidhani ni mchezo wa siku mbili. Wapi! Rafiki aliendelea kuleta samaki, anasimama mbele ya kibanda, "Mwangaluka," na kaka hainui kichwa. Nyie wa kwingine mnaweza kuona ni salamu tu. Huku kwetu kuikata mwangaluka ya mtu aliyesimama mbele yako ni kumwambia humwoni. Mama anatoka, anapokea samaki, "Wabeja, mwanangu," anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, anaingia ndani. Nilimpasha kaka. "Mijitu mizima na midevu yenu, mnanuniana kwa ajili ya maji ya kwenye TV!" Akanijibu, "Sheria ni sheria." Nikamwambia sheria zake akazipikie uji.

Siku moja nikamfuata rafiki barabarani alipokuwa anafunga kreti lake tupu. Nikamuuliza kwa nini, wakati sheria aliijua, tena yeye ndiye aliyeipigia makofi. Akakaza mpira mpaka mwisho ndipo akaniangalia.

"Dada, sikuona video yoyote."

"Unasemaje?"

"Nilimwona wodini ile siku. Waliahirisha tu, akagoma kula. Sasa nikajiuliza, itoke kweli, afike kwenye maji, arudishwe, itakuwaje? Bora aumie sasa akiwa na nguvu."

Nilimwita mjinga. Akakubali, akawasha pikipiki, akaomba nisimwambie. Kilichonikera ni kwamba ujinga wake ulifanya kazi. Kaka alikuwa ameitoa ile picha ya dume kwenye simu. Gemu bado aliizungumzia, lakini habari za maji hakuuliza tena, na nyumba ikawa na utulivu ambao sikuupenda hata kidogo.

Ikatoka. Kuipakua ilikuwa kazi ya pekee, mtandao unakwenda kwa kuchechemea, umeme ukikatika tunashika vichwa. Jumamosi mchana ikakubali kufunguka. Wengine wote, nilisikia baadaye, walikimbilia ng'ombe. Kaka alimwacha mzee wa humo kwenye gemu aliyetokea kumpa maelekezo akiwa katikati ya sentensi, akatembea moja kwa moja kuteremka bondeni, ambako ziwa lilikuwa linaonekana. Mimi nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, eti sitazami. Akafika ukingoni, akasimama. Akaingia. Vifundoni. Magotini. Nikaacha mchele. Kiunoni, kifuani, halafu yule mtu akanyoosha mikono, akaanza kuelea.

Kaka akamrudisha nchi kavu haraka, akaweka padi ya kuchezea chini. Nilidhani maumivu yameanza. Alikuwa anatafuta simu.

"Mwangaluka," akasema kwenye simu. "Maji yanaingilika. Njoo, siingii bila wewe."

Kutoka Lamadi si pua na mdomo, lakini alifika jua bado liko juu, na nyuma ya pikipiki, ndani ya kreti la samaki, alikuwa amefungwa mbuzi dume anayelia kwa hasira zote za dunia. Mama akampokea mbuzi bila swali, akaita jirani wa kuchinja. Rafiki akaingia ndani, hakukaa.

"Ile video," akasema.

"Video gani?" kaka akamkatiza. "Wewe bando la kuangalia video ulilitoa wapi? Nilijua siku ile ile."

"Sasa ulinitenga kwa nini?"

Kaka alikuwa anaiangalia TV, si yeye. "Ulinihurumia. Wote humu wananihurumia, mama, huyu, manesi, mpaka wateja. Wewe ulikuwa hujaanza."

Hapo kila mtu akatafuta pa kuweka macho. Rafiki akakaa kwenye mkeka, akavuta pumzi, akamwambia, "Haya, ingia basi majini, mkuu mzima unaogopa." Na kaka akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wodini.

Akaingia. Akaogelea kuelekea katikati, moja kwa moja. Pembeni mwa TV palikuwa na kimstari cha kijani, nguvu za yule mtu, kikawa kinapungua. Ukingo ukawa mbali. Rafiki akafungua mdomo, nikajua anataka kusema rudi, mimi mwenyewe neno hilo lilikuwa ulimini. Akaufunga. Mstari ukawa mwekundu, ukaisha. Yule mtu akapiga mikono mara mbili tatu, akazama, TV ikawa nyeusi.

Kisha akaamka ufukweni, mzima, nguo kavu, mstari wa kijani umejaa.

"Mnaona?" kaka akasema. "Anaanza tena." Na akamrudisha majini, kule kule katikati, tena na tena mpaka giza likaanza kuingia, kwa furaha niliyoshindwa kuitazama.

Nikaondoka na ungo wangu. Uani mama alikuwa ameinamia sufuria, mbuzi wa faini ameshakuwa supu. Akaniuliza vipi huko ndani, nikamwambia gemu ni nzuri.

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Na anaogelea?"

"Anaogelea, mayu."

Akakoroga supu, akaonja chumvi, akafunika.

"Mwambie asikae sana," akasema.