Jogoo wa Pasi

Mume alimwibia mkewe pasi. Tuseme hivyo kwanza, bila kuzungukazunguka, maana mtaa mzima ulizunguka na jambo hili mpaka likapoteza sura.

Haikuwa pasi peke yake. Siku zile mke alipokuwa kwa dada yake akimuuguza, mume alileta gari la mizigo mlangoni, akapakia kabati la vyombo, taa ya chemli, sufuria kubwa na ndogo, beseni la bati na kigoda, na juu ya vyote akaweka pasi ya mkaa ambayo mke aliachiwa na marehemu mama yake. Akahamia mtaa wa pili kwa mke mpya. Mwenye vyombo aliporudi alikuta misumari mitupu ukutani, na sakafuni duara safi mahali beseni lilipokuwa likikaa.

Lakini wizi mtu huweza kuumeza. Lililomkaa kooni ni lile lililosemwa baadaye barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, watu wakiwa wamejaa mpaka nje. Mume alisimama, shati limenyooshwa vizuri, na kila mtu alijua shati halijinyooshi lenyewe, akasema, "Huyu alikuja kwangu na gauni moja mwilini. Pasi gani? Mimi sijui pasi yoyote."

Mwenyekiti akamgeukia mke. "Mama Pasi, una ushahidi gani kwamba ulikuwa na pasi?"

Mama Pasi. Jina hilo alipewa na mtaa huo huo, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akinyoosha nguo zao: sare za shule, mashati ya kazini, magauni ya harusi. Mwenyekiti mwenyewe kola yake ilikuwa kazi ya mikono yake. Hakuna aliyecheka. Mama Pasi akamtazama wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Wifi huyo aliolewa akiwa amevaa gauni lenye marinda yaliyopigwa kwa pasi hiyo, marinda ya kumchosha mtu mkono.

"Mimi sikumbuki," wifi alisema, akajiangalia kucha.

Basi ikaandikwa hivyo vichwani mwa watu. Mama Pasi hakuja na kitu. Alibaki na chumba cha mbele, godoro, na jina lisilo na kazi yake.

Akatafuta kazi kwingine. Alipata kwenye karakana ya fundi wa mabango, chumba kirefu chenye harufu ya tina ya kuyeyushia rangi na vumbi la mbao. Alifagia, akachemsha chai, akaosha brashi. Brashi za rangi ya mafuta hazioshwi kwa maji. Unazichovya kwenye tina, unazikamua kwa kitambaa, unazichovya tena, na vidole vinabaki vikavu kama gome. Fundi alipoona brashi zake zimeanza kudumu, akampa kazi ya kujaza herufi. Yeye alichora mistari kwa penseli, Mama Pasi akatia rangi ndani ya mistari. Hakupata kusoma hata siku moja, kwa hiyo alijaza asichokijua.

Siku moja alimaliza bango kubwa jekundu, akalitazama kwa fahari. "Fundi, nimeandika nini hapa?"

"Usikojoe hapa."

Mama Pasi alicheka mpaka akaketi sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu gari la mizigo.

Chini kabisa ndani ya makopo hubaki rangi kidogo, imefunga utando juu, haitoshi bango wala mlango. Fundi alikuwa akiitupa. Mama Pasi akaiomba. Akaomba na vipande vya mbao za hadibodi, vile vya upana wa kiganja ambavyo hata jikoni haviwaki vizuri. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachora kikombe cha chai cha fundi kilichokuwa mbele yake.

Fundi alikuja kukichukua kikombe, akakuta kuna viwili. "Si vibaya," alisema. "Ila dada, umetia kivuli cheusi. Kivuli si cheusi. Hebu tazama tena."

Akatazama. Kivuli cha kikombe juu ya meza kilikuwa na buluu kidogo upande mmoja, na hudhurungi pale chai ilipokuwa imemwagika. Alikuwa ameishi na vivuli umri wake wote na havikuwahi kumwambia hivyo. Kuanzia hapo alishikwa. Alichora kipande cha sabuni kilichoisha kiuno. Akachora ndala, ya kushoto peke yake, kwa sababu ya kulia ilikuwa imeshonwa na aliona haya kwa niaba yake. Akachora kitasa, akachora ndoo na maji yaliyobaki ndani.

"Rangi ya mafuta haina haraka na mtu," fundi alimwambia. "Leo ukikosea, kesho bado mbichi. Unafuta, unaanza upya. Laiti na watu wangekuwa hivyo."

Picha hizo hakuwa akiziuza, na hakuna aliyezitaka. Wifi yake alipita mlangoni siku moja, akamkuta na kipande mkononi, ulimi umetoka kidogo kwa umakini.

"Wifi, mtu mzima na akili zako unachezea rangi kama mtoto wa chekechea?"

"Wewe si ulisema hukumbuki, wifi?" Mama Pasi hakuinua macho. "Basi niache mimi nikumbuke kwa niaba yetu sote."

Wifi akaondoka na mguu mzito. Neno lile alilolisema kwa kumkomoa tu, Mama Pasi akabaki nalo. Nikumbuke. Akaweka ndala pembeni, akachukua kipande kipya, akaanza kuchora sufuria kubwa, ile iliyoungua chini siku mume alipoalika watu bila kusema. Akaichora na ule weusi wake. Akachora taa ya chemli, kioo kina ufa uliozibwa kwa plasta. Akachora kigoda na mguu wake mmoja mfupi. Kisha akaing'oa misumari ile ile mitupu iliyokuwa ndani, akaipigilia nje, kwenye ukuta wa chumba chake unaotazama njia, akatundika.

Mlango wa pili aliishi msusi, mwanamke mwenye mdomo mwepesi kuliko vidole vyake, aliyehamia pale baada ya mambo yale na kusikia habari zake kwa vipande vipande. Wateja wake walikaa barazani vichwa vimeinamishwa, hawana pa kutazama ila ukutani.

"Shoga, sufuria yako imeungua kweli kweli," msusi alisema. "Mpaka nasikia harufu."

"Imeungua na watu walikula."

Habari zikatembea. Watu walianza kupita njia ile bila kuwa na safari. Gengeni mtu alimwuliza mume, kwa sauti ya upole kabisa, kama ule mguu wa kigoda aliwahi kuutengeneza. Mume alinunua vitunguu vyake akaondoka.

Huyu mume naye alikuwa na jina la mtaani. Aliitwa Bwana Siyo Hivyo. Hakuna mazungumzo aliyoyaingia bila kuanza na maneno hayo. Ukisema mvua ilianza mchana, siyo hivyo, ilianza adhuhuri. Ukisimulia msiba wa mama yako mwenyewe, atakusahihisha jeneza. Katika ndoa yao Mama Pasi hakuwahi kumaliza hadithi moja. Alimjua mtu huyo kama anavyojua pindo la shati lililochakaa: anajua litaachia wapi.

Pasi aliiacha mwisho, kwa sababu kila akishika brashi alijikuta akichora kitu kingine. Hatimaye akapiga moyo konde. Akachora tumbo lake la chuma, matundu ya hewa pembeni, mpini wa mbao ulioshika mng'aro wa viganja vya mama yake na vyake. Na juu ya kifuniko, pale mbele, jogoo mdogo wa shaba ambaye ndiye kitasa chake: unamlaza, pasi inafunguka, unamsimamisha, inafunga. Jogoo anatazama mbele, kilemba chake kimekatika nusu tangu enzi za mama. Ikawa ndiyo yenyewe. Mama Pasi alilia kidogo, bila sauti, kisha akaitazama kwa muda.

Ndipo akachukua kitambaa chenye tina, akamfuta jogoo. Akamchora upya akitazama nyuma, na kilemba kizima, kirefu, cha kujivunia. Akaitundika katikati ya ukuta ikiwa bado mbichi.

Msusi akaacha kusuka. "Shoga, pasi za jogoo nilizoziona mimi, jogoo hutazama mbele."

"Huyu anatazama nyuma."

"Kwa nini?"

"Anamwangalia aliyembeba."

Bwana Siyo Hivyo alikuwa amevumilia kadiri alivyoweza, lakini kesho yake tu akafanya jambo ambalo adui yake yeyote asingeweza kumshauri vizuri zaidi. Alikwenda mwenyewe kumchukua mwenyekiti, akamleta mpaka mbele ya ukuta ule, barazani pamejaa wateja wa msusi, na wifi akifuata nyuma kuja kuona mwisho wake.

"Mwenyekiti, ona kwa macho yako. Mwanamke huyu ananichafulia jina."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama Pasi, hebu teremsha hivi vitu, yaishe."

"Vitu gani, mwenyekiti?" Mama Pasi alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa. "Si tulikubaliana barazani kwako kwamba havikuwepo? Hapa pana mbao na rangi. Nachora vitu ambavyo havikuwepo. Kama kuna sheria inakataza, nisomee, maana mimi sijasoma."

Mwenyekiti hakuwa na sheria hiyo. Akafunga mikono nyuma, akaanza kupita polepole kutoka picha hadi picha, kama mtu aliyekuja kwa shughuli hiyo tangu mwanzo. Alisimama mbele ya taa, akaisogelea. Akafika kwenye pasi.

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo pasi ambayo haikuwepo. Ilikuwa na jogoo, akitazama nyuma, na kilemba chake kizima, kizuri. Nakumbuka kama jana."

Wote waliokuwepo walimwona Bwana Siyo Hivyo akihangaika na mdomo wake kama mtu aliyemeza kaa la moto. Akatazama pembeni. Akarudisha macho kwenye picha. Yule jogoo mwenye kilemba kizima alikuwa akimtazama.

"Siyo hivyo," alisema.

Mama Pasi akasogea kando, picha ionekane vizuri.

"Siyo hivyo, bwana. Jogoo anatazama mbele, atatazamaje nyuma? Na kilemba kimekatika. Kimekatika hapa." Akanyoosha kidole na kugusa pale hasa kilipokatika, na kidole kikatoka na rangi ya shaba.

Mkono wa msusi ulibaki hewani na fundo la nywele. Mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, ndiye aliyesema.

"Kumbe unaijua."

"Nasema pasi kwa jumla," Bwana Siyo Hivyo alisema haraka. "Pasi za aina hii."

Mwenyekiti alimtazama kidole. "Zote zimekatika kilemba, mzee?"

Mume alijipangusa kwenye suruali, na rangi ya mafuta haipanguswi hivyo. Ilibaki kidoleni na ikahamia kwenye suruali pia. Aliondoka na vyote viwili. Wifi akamfuata, safari hii bila kujiangalia kucha.

Kesho yake wifi alirudi na mfuko wa nailoni, akauweka kizingitini. "Mwenyekiti kasema irudi. Haya, umeshapata pasi yako. Vile vingine vilishauzwa, usiviulize. Sasa toa hizo picha."

Mama Pasi alifungua mfuko. Mpini ulikuwa ule ule, mkono wake uliingia pale pale. Lakini mbele ya kifuniko palikuwa na tundu, na chuma kilichokatwa karibuni kiling'aa ukingoni. Mtu alikuwa amemng'oa.

"Jogoo yuko wapi, wifi?"

"Jogoo gani tena?"

"Bado hukumbuki."

"Umepata pasi, mama, unataka nini zaidi? Huna dogo wewe."

"Sina. Nilikuwa nalo, likapakiwa pamoja na vyombo."

Pasi isiyo na kitasa hufunguka ukiiinamisha na kumwaga makaa juu ya shati la mtu. Mama Pasi alitafuta waya, akauzungusha kwenye kifuniko, akaukaza kwa koleo ya fundi. Jioni hiyo hiyo aliwasha mkaa barazani na kunyoosha kitambaa cha msusi, bure, ili watu waone moshi. Sasa asubuhi yuko karakanani, alasiri ananyoosha nguo, na ikibaki rangi kwenye kopo anachora. Amechora kitana cha msusi. Amechora pasi na waya wake. Picha ya yule jogoo aliyegeuzwa bado ipo katikati ya ukuta, na shimo la kidole cha mume limekauka ndani yake, mistari ya ngozi inaonekana. Fundi alitaka kumsaidia kulisawazisha. Mama Pasi akamwambia asiguse.

Mtaani wanasema yameisha. Hayajaisha. Mume bado anadaiwa jogoo mmoja wa shaba mwenye kilemba nusu. Anadaiwa pia kusimama pale pale barazani, mbele ya watu wale wale, na kusema siyo hivyo, mke wangu hakuja na gauni moja. Ni maneno aliyoyazoea, hayatamchosha mdomo. Mwenyekiti anadaiwa kukaa kwenye kiti chake na kuyasikia. Wifi anadaiwa marinda yake, ayakumbuke.

Kando ya picha ya pasi kuna msumari mmoja usio na kitu. Wapitao huuliza unangoja nini. Mama Pasi huupaka mafuta mara kwa mara ili usishike kutu.