Mama Anaumwa Kidogo

Watu wa kanisa letu la Alief, huku Houston, walinicheka waliposikia naenda Ufaransa kuendesha baiskeli. Mama mmoja aliniuliza mbele ya wote kama gari langu limekufa. Kwao baiskeli ni kitu unachokiacha ukishafanikiwa. Mtu mzima hapandi ndege usiku kucha ili akasukume pedali. Nilijibu kwamba kila mtu na wazimu wake, na nilijibu kwa ukali. Nina hasira za karibu, na utani wa kanisani huwa haushuki vizuri kooni kwangu.

Wazimu wenyewe niliambukizwa na jirani yangu Mkongo, mtu wa Uvira, anayefanya kazi kwenye ghala. Kila Jumamosi tulipakia baiskeli kwenye gari hadi Sugar Land, tukaendesha juu ya tuta la mto kabla jua halijakuwa kali. Yeye alikuwa na Kifaransa, mimi nilikuwa na likizo niliyoilimbikiza. Tukachagua bonde la mto Dordogne kwa sababu aliliona kwenye kalenda ya kinyozi na hakulisahau tena.

Nyumbani Stafford tuliishi watatu: mimi, mdogo wangu wa kike ambaye ni muuguzi, na mama yetu, aliyeletwa kutoka kwetu Same miaka minne iliyopita na hakuipenda Texas hata siku moja. Moyo wake ulikuwa umechoka, lakini niliondoka akila vizuri na kugombana na televisheni. Nilimwachia mdogo wangu maagizo marefu kuliko ya daktari, naye akanuna.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Sisi hatumwambii mtu habari ya msiba akiwa njiani. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alifiwa na kaka yake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpigia simu kazini. Nilimwambia, "Kaka anaumwa kidogo. Pitia kwangu tuongee, ila u-drive pole pole." Alipofika akakuta magari yamepangwa hadi kwa jirani, akakaa chini kwenye majani kabla hajaufikia mlango. Hakuna aliyelazimika kumwambia. Ndivyo tunavyofanya: anaumwa kidogo, kisha kapelekwa hospitali, kisha hali yake si nzuri, na mtu anapanda ngazi hizo mwenyewe taratibu mpaka afike juu. Ni huruma, au ndivyo nilivyoamini.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri, ingawa bonde lile halikunikaa vizuri tangu mwanzo. Mto ulikuwa mpana, una rangi ya chai ya rangi, na hausikiki. Vijiji vya mawe vilikuwa na watu, nadhani, lakini sisi tuliona madirisha ya mbao yaliyofungwa mchana kweupe. Kwenye shamba moja bata bukini mamia walikimbilia uzio kututazama, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Mwenzangu alisema hao wanashindiliwa chakula ili maini yao yanenepe, halafu wanachinjwa.

"Hawajue," alisema. "Banafikiri ni mapendo."

Mbele kidogo, kando ya daraja, kulikuwa na kibao cha njano chenye picha ya mtu anayekimbia maji. Akanisomea. Juu huko kuna bwawa la umeme, na maji yanaweza kupanda ghafla hata siku ya jua. Sisi wa Houston hatuhitaji kufundishwa maji. Nyumba ya zamani ya mwenzangu huko Alief iliwahi kujaa mpaka usawa wa soketi. Tulivuka tukiendesha kwa kasi kuliko ilivyokuwa lazima.

Mdogo wangu alipiga Jumamosi, alasiri, tukiwa tumepumzika chini ya jabali.

"Shikamoo kaka. Za huko? Miguu haijambo? Na mwenzako?"

Mdogo wangu hana subira na salamu, yeye huanza na lawama. Nikasimama.

"Kaka, mama anaumwa kidogo."

Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi na viti vikiburutwa. Nikauliza ni kina nani.

"Kina mama wa jumuiya. Wamekuja kumwona."

"Mpe simu niongee naye."

"Amelala. Kaka, kama unaweza ku-change ticket, rudi mapema. Ila usikimbize hiyo baiskeli. Uwe makini."

Nikasema sawa. Kila neno nililijua, hadi lile la kuwa makini, kwa sababu nilikuwa nimeyasema yote mimi mwenyewe kwa mtu mwingine. Swali lililobaki lilikuwa na maneno matatu tu, mama yuko hai, na sikuliuliza. Nikamuaga, nikazima simu, nikaitia chini kabisa ya mfuko wa baiskeli.

Nilimwambia mwenzangu kwamba mama amefariki. Alilaza baiskeli yake kwenye nyasi, akavua helmeti, akaomba kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kifaransa. Kisha akauliza kama twende stesheni ya treni.

Nikakataa. Nilimpa sababu, na zilikuwa sababu za maana. Mama angesafirishwa kwenda kuzikwa Same, na kusafirisha mwili hakukosi wiki mbili za makaratasi. Marehemu hamsubiri mtu. Nikifika Stafford nitakuwa wa kupokea wageni na kutafuta viti, sitapata nafasi ya kumlilia mama yangu. Acha nimlilie huku nisikojulikana. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa. Maadamu simu imezimwa, hakuna aliyeniambia.

Basi tukaendelea kushuka na mto. Jumapili nzima nililia juu ya baiskeli, na upepo ukanikausha. Tulipita mashamba ya jozi, yaani walnut, ambamo chini ya miti hapakuwa na jani hata moja, pamefagiliwa kama uwanja unaosubiri watu. Mwenzangu aliendesha mbele yangu, akigeuka kila mara kuhakikisha nipo. Kwenye miteremko alinikatia njia makusudi ili nisikimbie.

Jumatatu jioni, kwenye nyumba ya wageni, alipata mtandao akaongea na mkewe.

"Madame anasema maman iko hospitali," akaniambia taratibu.

Nikatikisa kichwa. Ngazi ya pili. Jumanne ikaja ya tatu: hali yake si nzuri, wanauliza uko wapi. Nilimkasirikia mdogo wangu mpaka chakula kikanishinda. Nina miaka hamsini na mbili, na bado ananilea kwa vipande vipande kama mtoto anayepewa dawa chungu!

Mwenzangu alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. "Na kama ni kweli?" akauliza. "Kama iko mugonjwa tu?"

"Wewe umezaliwa jana?" nilimkaripia. "Hujui mambo haya?"

Aliyajua kuliko mimi; habari za baba yake aliletewa hivyo hivyo kwenye kambi ya wakimbizi, siku baada ya siku, mpaka akaelewa. Sikumwomba radhi. Nililala mapema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikalala vizuri. Kilio kilikuwa kimeisha. Moyoni mwangu mama nilikuwa nimeshamzika.

Jumatano tuliingia kwenye mji mdogo wenye ukuta mtoni. Saa sita kamili mchana king'ora kikalia juu ya paa la ofisi ya manispaa, kirefu, kinapanda na kushuka. Sote wawili tulikamata breki na kuutazama mto. Hakuna mwingine aliyesimama. Mama wa mgahawani akatuambia ni majaribio, hulia kila mwezi, tukae tule. Tukakaa, tukaagiza chakula.

Simu ya mwenzangu iliponasa mtandao wa mgahawa, ikaita papo hapo. Akaenda kuongelea ukutani. Niliona mgongo wake ukishuka. Aliporudi akaniambia nikae, ingawa nilikuwa nimekaa.

"Ndugu yangu, maman amekufa."

"Najua."

"Hapana. Amekufa leo. Saa moja haiyaisha."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakimbilia mfuko wa baiskeli, nikatupa nguo chini mpaka nikaipata simu, nikampigia mdogo wangu. Alipokea bila salamu.

"Nilikuambia mama anaumwa," alisema. "Alikuwa anaumwa, kaka. Ulitaka niseme vipi?"

Nikajaribu kumweleza nilivyomwelewa. Nilijisikia nikiongea upuuzi. Kama ningepanda treni Jumapili, Jumatatu jioni ningekuwa nimemshika mkono. Alikuwa na siku nne, na mimi nilizitumia kumwomboleza.

"Alikuwa anakutaka kila siku," akasema. "Nilikuwa nakupigia, namwekea simu sikioni. Sikiliza message zako." Akakata.

Zilikuwa tano. Nilisikiliza ya Jumatatu kwanza, sijui kwa nini. Nilimsikia mama akihema, na nyuma yake mashine ya hospitali.

"Baba," akasema. "Umefika wapi?"

Akangoja. Akauliza, "Umekula?" Akangoja tena, muda mrefu zaidi.

Sauti ya mdogo wangu ikasema kwa mbali, "Mama, hayupo hapo. Hiyo ni sauti yake ya kurekodiwa. Wewe acha ujumbe tu."

"Yupo," mama akasema. "Nimesikia sauti yake sasa hivi." Kisha akanyamaza, akanisubiri nijibu, mpaka muda wa ujumbe ukaisha.