Brazili Iliyokuwa Nyuma ya Choo

Enzi zetu, Brazili ilikuwa nyuma ya choo, na mwenyewe nilikuwa mimi. Ilikuwa na miti kumi na minne ya kahawa. Juu yake ilipakana na Kolombia ya dada yangu Wawira, na chini, kuelekea mtoni, palikuwa na Ethiopia ya kaka yetu Njeru.

Nieleze tulivyofika hapo. Nilikuwa darasa la tano, shule moja karibu na Manyatta, Embu. Mwalimu Nyaga wa jiografia alibandika ramani ya dunia ukutani, akauliza kahawa hulimwa wapi. Tukajibu kwa sauti moja: kwetu. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua fimbo, ambayo siku hiyo kwa bahati ilikuwa na kazi nyingine, akatutembeza: Ethiopia ilikoanzia, Yemeni ng'ambo ya bahari, India, Indonesia, halafu Guatemala, Kolombia na Brazili inayozishinda zote. Nikashangaa kwamba kuna watoto wengi hivyo wanaoamshwa alfajiri kwenda kuchuma.

Jioni tukagawana dunia. Baba alikuwa amempa kila mmoja wetu mstari wake wa kutunza. Njeru alichukua Ethiopia kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba. Wawira alipenda tu jina la Kolombia. Mimi kitinda mimba nilikuwa na mstari wa nyuma ya choo, uliopandwa palipokuwa choo cha zamani, nikauita Brazili kwa hasira.

"Kaa na Brazili yako inayonuka," Njeru akaniambia. Hakujua mbolea iliyokuwa chini.

Mavuno ya Juni na Julai yalikuja na ukungu. Tulifunga vikapu kiunoni, umande ukatulowesha hadi mapajani, tukafyonza utamu wa matunda mekundu na kutemeana mbegu. Saa nne Mama alileta nduma na ucuru wa moto, uji ambao vijana wa leo wangeuchungulia kwanza kuona kama una sukari. Mchana tulibeba mavuno hadi kiwandani, ambako maganda yaliyochacha yalinuka kilomita nzima. Kahawa yenyewe hatukuinywa. "Hiyo ni ya wageni," Mama alisema, akitumiminia chai.

Msimu huo Baba aliahidi kwamba atakayepeleka madebe mengi kiwandani ataandamana naye hadi Embu mjini. Nilitaka kwenda kuona maduka tu, mpaka asubuhi moja Baba alipotoka kwenye redio akaingia jikoni, akasema, "Brazili imeungua kwa baridi. Kahawa imekwisha."

Niliweka bakuli chini nikakimbia kwenye ukungu hadi nyuma ya choo. Miti yangu yote ilikuwa imesimama, myekundu kwa matunda. Niliporudi nyumba nzima ilikuwa inacheka, na Nyanya alikuwa anafuta machozi kwa leso.

Siku hiyohiyo jirani yetu Mzee Ireri alikuja amechangamka, kwa kuwa bei yetu ingepanda. Akamwomba Mama amshukuru Mungu kwenye maombi ya Jumapili.

"Mzee, huko pia kuna mama aliyeamka akakuta shamba limekufa," Mama akamjibu. "Mimi nitamwombea huyo. Hiyo shukrani yako ipeleke mwenyewe."

Maneno hayo yalinikaa. Nilichana karatasi katikati ya daftari, nikaandika kwa Kiswahili safi kwamba wasikate tamaa. Baba yangu, nikaeleza, hukata mti mzee wa kahawa usawa wa magoti, nao huchipua. Juu ya bahasha nikaandika: Mtoto wa Mkulima wa Kahawa, Brazili. Ikabaki stempu, na stempu za ng'ambo zilikuwa posta ya Embu. Sasa ilikuwa lazima nishinde.

Siku ya mwisho Njeru alinizidi kwa nusu debe. Alimwaga mzigo wake kwenye mkeka wa kiwandani akipiga mluzi. Lakini kahawa haipimwi kabla ya kuchaguliwa, na akina mama waliokuwa wakichagua walianza kutupa pembeni matunda ya kijani, konzi baada ya konzi. Alikuwa amechuma hata mabichi.

"Ethiopia yako haijaiva, baba," mmoja aliyeujua mchezo wetu akamwambia. Brazili ikashinda.

Posta, karani aliigeuza bahasha mara tatu, akamuuliza Baba hii inakwenda kwa nani. Baba akavua kofia. "Kwa mkulima mwenzangu," akasema. Karani akagonga muhuri.

Leo, mjini Embu, vijana wanakunywa kahawa iliyochorwa jani kwa povu la maziwa, na huipiga picha mpaka ipoe. Waulize inalimwa wapi, wataiuliza simu. Siwalaumu sana. Mpwa wangu alinionyesha Brazili kwa sekunde chache, nikaona mashamba yasiyo na mwisho na mashine zikichuma pasipo mtoto hata mmoja. Ndipo pia nilipojua kwamba huko husema Kireno.

Nyuma ya bahasha nilikuwa nimeandika sanduku la posta la shule yetu. Siku zile barua iliyokosa mwenyewe ilirudishwa, hata ikichukua mwaka. Niliuliza ofisini kila muhula hadi nikamaliza darasa la saba. Yangu haikurudi.